Karafuu za Ukoo wa Mama Yako

Mwanangu Mwanaidi,

Asubuhi uliponiamkia nilikuitikia marahaba nikiwa nimeinama, najifanya natafuta kiatu, na kiatu chenyewe nilikuwa nimekivaa. Ulicheka ukadhani baba anazeeka. Kuzeeka nazeeka, lakini leo sikutaka uuone uso wangu. Sasa mmekwenda wewe na mama yako kumuaga mjomba wako Selemani, na jua bado liko juu. Mjomba wako akishika maneno hamwachi mtu mapema, kwa hiyo muda ninao.

Habari za chandarua, maji ya kunywa na marafiki sitaziandika. Mama yako amekwambia zote, na nyingine amekwambia mara tatu. Mimi nina jambo moja tu, na nimelibeba miaka kumi na minne. Kesho asubuhi utashuka mpaka mjini Morogoro, utapanda basi la Tanga, na basi hilo litapita Mikese. Nimelala siku nyingi nikiwaza juu ya basi hilo. Sitaki upite pale ukiwa na hadithi niliyokupa mimi, kwa sababu hadithi niliyokupa si ya kweli.

Wewe unakwenda kusomea uuguzi miaka mitatu. Nimekuona ukirudia mtihani wa kemia mara mbili. Mara ya kwanza ulipofeli ulilia, na mara ya pili hukulia, ukakaa tu jikoni ukimenya ndizi. Hiyo ya pili ndiyo iliyonitisha, kwa sababu naijua. Mtu anayelia bado anakitaka kitu chake. Mimi nilipoacha la kwangu sikulia hata kidogo.

Unaijua ile sehemu ya juu ya shamba, kule kwenye mawe, penye mikarafuu kumi na mmoja ya mama yako. Ulichoambiwa ni kwamba zamani ilikuwa mingi, moto ukaruka ukaiteketeza, na aliyekuwa anawasha moto wake huko chini hakukusudia. Watu wote wa hapa kijijini Kinole wanaijua habari hiyo hivyo, na mimi ndiye niliyeieneza.

Mikarafuu ile niliipanda mwaka ulipokuwa unatambaa. Ardhi ni ya ukoo wa mama yako, nawe unajua mila yetu, mtoto huhesabiwa ukoo wa mama. Mwanaume akioa huku milimani akalima kwao mkewe, mahindi apande atakavyo, maharage apande, lakini mti wa kudumu haupandi mpaka ukoo ukubali, maana mti ukishika mizizi unakuwa wa watu wenye ardhi. Nilikwenda kwa wakubwa zao, nikakaa mkekani, nikaomba. Bibi yako alikuwa hai. Akaniambia, “Panda, baba. Ila ujue ni ya watoto.” Nikasema, “Nimekubali, mama. Nawapandia watoto.” Nikarudi nyumbani nimejaa furaha, nikamwambia mama yako kwamba kaka yako Ramadhani atasoma kwa karafuu mpaka achoke mwenyewe.

Mwaka wa kwanza sikuwa na shida. Nilikuwa naamka kabla hujaanza kulia. Rama alikuwa mdogo, anachota maji mtoni kwa kindoo chake na kumwagilia miche, na kila mche aliupa jina. Watu waliopita njiani walisimama, wakanisifu, wakauliza miche nimeitoa wapi. Mzee mmoja aliniambia mimi ndiye mkwe wa maana kuliko wote waliowahi kuingia ukoo ule. Mwanangu, nilikuwa nalima kwa nguvu ya sifa zile, na wala sikujua. Nilidhani ni nguvu yangu.

Mwaka wa tatu hakuna aliyesimama tena. Mkarafuu wa miaka mitatu ni kitu cha kuudhi. Haujafika kifuani, hauna ua, hauna harufu ya kumwita mtu, na kazi yake ni ileile: palilia, weka kivuli, kila kiangazi fyeka ukanda wa chini ili moto wa mashamba ya wenzako usipande. Unafanya leo, na mwezi ujao majani yamerudi kama vile hukufanya kitu. Nilianza kwenda siku ninazojisikia kwenda. Mwanzoni siku hizo zilikuwa nyingi. Mama yako yeye alikwenda Jumanne na Ijumaa asubuhi, awe amefurahi, awe amenuna, na sikuwahi kumsikia akisema anaipenda kazi ile. Nilimwona ni mtu asiye na ndoto. Nakwambia ukweli, nilimdharau kidogo.

Hata hivyo tulifika mwaka wa sita, na miti ilikuwa imenizidi kimo. Mwaka huo bibi yako akafariki. Siku ya arobaini, baada ya dua, wanaume tumeketi tunakula, mjomba wako akanigeukia mbele za watu akasema, “Shemeji, hongera bwana. Mali yetu unatutunzia vizuri.”

Watu wakacheka. Ni utani, na mjomba wako ana haki ya kunitania. Mimi nilicheka kuliko wote. Lakini lile neno “yetu” lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki, na mpaka tunanawa mikono nilikuwa nimeshajiuliza: mimi hapa ni nani? Miaka sita mgongo unanikatika, kumbe ni kibarua wa watu. Fikiria ujinga wa baba yako. Mila ile niliijua tangu nazaliwa. Mimi mwenyewe shamba langu la utotoni lilikuwa la mama yangu na wajomba zangu. Nililiomba jambo lile kwa mdomo wangu mkekani, nikapewa kama nilivyoomba. Na hao “sisi” aliowataja mjomba wako walikuwa ni ninyi, Rama na wewe. Hakuna mwingine. Nilisusa mali ya wanangu kwa sababu iliitwa ya wanangu.

Nikaacha kwenda. Sikusema naacha, maana anayetangaza kuacha huulizwa sababu. Nilisema mgongo. Kisha nikasema nashuka mjini kutafuta kitu cha haraka zaidi. Nikabeba matenga ya mboga sokoni miezi miwili, nikaacha. Nikaanza kufuga kuku wa nyama, nikaacha. Nikaingia kwenye tofali za kuchoma na rafiki yangu mmoja, nikaacha kabla tanuri la pili halijapoa. Kila nilipoanza watu walinipongeza upya, wakaniambia safari hii nimepata. Utamu wa kuanza, mwanangu, ni kama ulevi. Niliufuata kila ulipokuwa, na ulipokwisha nilidhani tatizo ni kazi niliyochagua.

Chuoni utaipata miezi ya namna hiyo, ambayo hakuna anayekutazama, na wewe mwenyewe huoni umesogea wapi. Sina dawa yake. Ninachojua ni kwamba hamu haikuwa kitu cha kusubiri. Mama yako alikuwa na Jumanne na Ijumaa yake, mimi nilikuwa na hamu yangu, na yeye ndiye aliyefika.

Sasa nafika pale ambapo kalamu inakuwa nzito.

Mwaka wa saba miti ilikuwa karibu kutoa maua ya kwanza. Rama alikuwa amemaliza kidato cha nne na amefaulu, amepata nafasi chuo cha ufundi kusomea umeme. Mpango wote ulikuwa karafuu zile. Mama yako alikuwa na mguu umevimba, hawezi kupanda mlima, na kiangazi kilikuwa kimekauka sana. Akanitumia ujumbe mjini: njoo ufyeke ukanda wa moto, kazi ya siku mbili tu. Nikaja. Rama alininolea panga mwenyewe, akataka tufuatane, nikamkataza. Nilimwambia ajiandae na chuo chake.

Nikapanda peke yangu. Njiani nilipita kwa jirani yetu mzee, amekaa barazani. Akasema, “Aa, leo umetukumbuka.” Maneno hayo tu, tena kwa uso wa kucheka. Nikafika ukingoni mwa shamba nikakuta majani yamenifika kifuani. Mwaka mzima wa uvivu wangu ulikuwa umesimama pale unanitazama. Juu yake miti yangu ilikuwa mizuri, mwanangu, majani yanang'aa. Na mimi badala ya kuona miti niliona aibu, na nyuma ya aibu nikasikia tena kicheko cha siku ile ya arobaini. Nikasema moyoni, mali yao, wafyeke wenyewe. Nikakaa juu ya jiwe mpaka jua likapinda. Kisha nikashuka.

Mama yako aliniuliza, “Umefyeka?” Nikasema, “Nimefyeka chote. Nimemaliza leo leo.” Rama akanipa maji ya kunywa, akaniambia pole na kazi.

Nimekaa na siku ile miaka yote hii, nikiigeuza huku na huku, na sasa najua kosa kubwa lilikuwa lipi. Halikuwa kukaa juu ya jiwe. Mtu yeyote hukaa juu ya jiwe siku moja, hata wewe utakaa. Ningeshuka nikasema, “Leo nimeshindwa, mama Rama, nimeogopa majani,” angenisema usiku kucha, na kesho yake ningerudi. Moto ulikuja siku ya tano. Nilikuwa na siku nne za kurudi. Lakini nilikuwa nimeshasema nimefyeka, na mtu aliyefyeka harudi kufyeka. Uwongo ule ulinifungia njia ya kwenda kwenye shamba langu mwenyewe. Ukianguka huko chuoni, sema umeanguka. Ukikosa somo wiki mbili, ingia siku ya kumi na tano na aibu yako yote, kaa nayo kwenye benchi. Majani hayajawahi kumsubiri mtu mpaka ajisikie vizuri.

Siku ya tano, mchana, upepo ulikuwa unapanda mlima. Tuliona moshi, tukakimbia. Rama alitangulia, miguu yake ilikuwa myepesi. Nilimkuta anapiga moto kwa majani mabichi ya mgomba, nyusi zimeungua, analia kwa moshi. Moto ulipita kwenye yale majani makavu kama umepewa ruhusa. Tulipokuwa tumekaa chini, hatuna tena cha kupiga, akanigeukia akaniuliza taratibu, bila ukali wowote, “Baba, si ulisema ulifyeka?”

Nikamjibu, “Moto umeruka.”

Akaamini. Au alinistahi, sijui. Majani yote yalikuwa majivu, na majivu hayasemi yalikuwa marefu kiasi gani. Jioni ile nilikuwa nasimulia kijiji kizima jinsi moto ulivyoruka, na nilikuwa nasimulia vizuri.

Chuo hakikuwezekana. Mwezi wa kwanza Rama akaenda Mikese kuuza machungwa kwa abiria wa mabasi. Aliniambia, “Mwaka mmoja tu, baba, nikipata cha kuanzia narudi kwenye umeme wangu.” Ukawa miwili. Wewe unakumbuka alivyokuwa akija na pipi, unampekua mifuko. Mchana mmoja lori likaacha njia likaja mpaka kwenye meza yake. Walionipigia simu walisema hakuumia muda mrefu, na mimi nimelishika neno hilo kwa sababu sina jingine. Tulimzika kesho yake saa saba mchana, nikaingia kaburini mimi na mjomba wako tukampokea. Mjomba wako alikuwa analia kwa sauti. Mimi sikuweza.

Wenzake wa barabarani walinipa begi lake. Ndani mlikuwa na shati, chaja ya simu, na fomu ya chuo cha ufundi ya mwaka uliokuwa unafuata. Alikuwa ameijaza yote kwa mwandiko wake ule wa kuinamia kushoto. Palipobaki wazi ni mahali pa saini ya mzazi tu. Siku za kuja nyumbani zilikuwa zimekaribia, nadhani alikuwa ananiletea mimi.

Siku ya tatu ya msiba, watu wamepungua, mama yako alinikuta nyuma ya nyumba. Akasimama. Akasema, “Siku ile panga lilirudi safi.”

Hakusema neno jingine, si siku ile wala baadaye. Alikuwa amelijua tangu jioni ile aliponipokea panga mkononi, lisilo na utomvu wala jani. Labda alingoja niseme mwenyewe, na moto ukawahi. Ile Ijumaa iliyofuata, amefunga kanga yake ya msiba, alipanda shambani kwa mguu wake ule mbovu, akaikuta mikarafuu kumi na mmoja iliyokingwa na mawe, akaanza kuipalilia. Jumanne akaenda tena. Mimi nilianza kumfuata mwaka wa tatu baada ya pale. Alinipisha njia nipite, akanionyesha kwa mkono pa kuanzia. Hatujawahi kuzungumza kule juu kitu kingine zaidi ya kazi.

Usinielewe vibaya. Sikuandikii kwamba ukivumilia utavuna. Rama alivumilia. Alikaa juani miaka miwili na hakukiacha alichokitaka hata siku moja, na unajua alikoishia. Wapo wanaofika na wapo wanaokatwa njiani, na Mungu hakuniuliza mimi. Lakini nimewajua watu wawili nyumba hii ambao hawakuacha, na mmoja aliyeacha. Aliyeacha ndiye anayekuandikia, na ndiye ambaye hawezi kukaa na nafsi yake saa moja bila kuwasha redio.

Hutanikuta nikilizungumza hili ukirudi. Ukitaka kunichukia, una haki, na sitakuuliza umefika wapi. Sikwambii ufanye nini basi likipita Mikese.

Nimebakiza kitu kimoja, nacho ni cha mwezi wa juzi, kwa hiyo huwezi kusema ni mambo ya zamani ya wazee. Majibu yako ya chuo yalipokuja, ile jioni ulimwambia mama yako jikoni, “Mama, sitaki tena. Nimechoka, na hata huko nitafeli.” Mlidhani nimekwenda msikitini. Nilikuwa nyuma ya ukuta, nimesimama na kandambili mkononi. Nikamsikia mama yako anakujibu, “Choka. Ukimaliza kuchoka, njoo unisaidie kutandaza karafuu.” Asubuhi nilikuona unajaza fomu juu ya gunia.

Mama yako alilala vibaya usiku ule. Mimi nililala vizuri, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Nilipokusikia ukisema hutaki tena, mwanangu, nilifurahi. Nilisikia mwili mzima umekuwa mwepesi, kwamba nitapata mwenzangu, kwamba hatimaye nyumba hii itakuwa na mtu mwingine wa kuacha. Nilipoiona ile fomu asubuhi, jambo la kwanza nililohisi halikuwa fahari. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikatapika. Ndiyo maana nimeandika barua hii mchana kweupe na nitaiweka mwenyewe kwenye begi lako, kabla sijapata nafasi ya kuichana.

Itafika siku utachoka tena, huko Tanga, na hutakuwa na gunia la karafuu la kutandaza. Utataka sauti ya nyumbani. Ukinipigia mimi nitakwambia rudi. Nitasema kwa upole kabisa, nitakwambia afya kwanza, nitakwambia hapa ni kwenu, na nitakuwa nakupenda kweli kila neno, na hutajua kwamba anayesema ni yule mtu wa juu ya jiwe. Hata mimi sitajua.

Siku hiyo usinipigie, Mwanaidi. Mpigie mama yako.

Mimi niliyekuzaa,
baba yako.